Mtama Niliouotesha Gizani

Mwaka niliofiwa na mume wangu nilikuwa mfanyakazi wa maabara katika kituo cha utafiti wa mazao, nje kidogo ya mji wa Tabora. Kazi yangu ilikuwa kuotesha miche ya mtama, kuiambukiza ukungu kwa makusudi, kisha kuitazama inavyojitetea. Watu wakiniuliza ninafanya nini huko, niliwajibu kwamba natazama mimea ikiumwa. Walidhani natania.

Mume wangu aliugua homa. Ilipanda kichwani kwa haraka, akafariki hospitali asubuhi moja ya kiangazi, vumbi likiwa limetanda juu ya mji kama moshi wa kuni mbichi. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Tulimzika jioni ile ile, na mimi nikaingia eda katika nyumba yao ya mtaa wa Isevya, tulimokuwa tukiishi pamoja na mama yake. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hapaki hina, hajifukizi udi, wala hatoki nje ila kwa jambo lisiloepukika.

Mama mkwe wangu ni wa ukoo wa Waarabu wa Tabora, watu ambao babu zao walikuja na misafara kutoka pwani, wakachoka kurudi, wakabaki wakiuza nguo, chumvi na asali. Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Sikumbuki hata siku moja aliyonitolea neno baya. Ila alinipokea kama mtu anavyoipokea mvua iliyomkuta njiani, hana la kuifanya. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukala sahani moja kwa sababu ya mwanawe. Mwanawe alipoondoka, sahani ilibaki katikati yetu na maneno hayakuwepo.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, kuta zake nene za udongo, boriti za mninga. Nyuma, ng'ambo ya ua, kuna stoo ambamo ukoo ule uliweka madebe ya asali kutoka misituni. Asali haikuwemo tena, lakini ukuta ulikuwa bado unanukia nta, hasa mchana jua likiuchoma kwa nje. Stoo haikuwa na dirisha ila tundu moja juu kabisa, lenye kibao cha kufungia. Wiki za mwanzo nilipenda kukaa mle peke yangu. Sikulia. Nilikaa tu, nikisikia honi ya treni ikitoka mbali, adhana, kuku wa jirani, na vyote vilinifikia kama vinatoka upande wa pili wa maji.

Siku moja mkuu wa kitengo chetu alikuja na pikipiki yake kutoa pole. Ni mwanamke mrefu, mpole, sote kazini tulimwita Dokta. Alikaa kwenye mkeka, akamsalimia mama, akanywa kahawa. Kisha akaanza kuzungushazungusha kikombe mkononi, nikajua ana neno.

"Sikuja kwa hili," akasema, "ila nisipolisema nitalala nalo. Miche ya msimu huu haina mtu. Na chumba chetu cha giza paa limeharibika, mwanga unaingia. Nimeona niulize, kama huku kuna mahali."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anavuta tasbihi yake bila kuinua macho.

"Kazi gani hiyo?" akauliza.

"Kuotesha mtama tu, mama. Ndani ya giza."

"Mtama gizani." Alilirudia neno lile kana kwamba analipima uzito. "Stoo ipo. Siku hizi haina kitu."

Hivyo ndivyo kazi ilivyonifuata edani. Dokta alileta sinia za plastiki, mchanga uliochemshwa, hadubini kuukuu yenye kioo cha kuakisia mwanga, na mbegu za aina mbili. Moja ilikuwa nyeupe, ya wakulima wa Nzega. Nyingine ilikuwa ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, ya Igunga. Nilining'iniza blanketi mlangoni, nikafunga kibao cha tundu, na taa ya sola nikaifunika kwa karatasi ya kijani ya kufungia zawadi, kwa sababu mwanga wa kijani mche hauujali sana. Nikiiwasha, stoo nzima ilikuwa kama sakafu ya bwawa.

Mtama ulioota gizani si mtama ambao mkulima anaujua. Unatoka mweupe kabisa, shingo ndefu na laini kama uzi wa mshumaa, ncha imefungwa kama mshale. Unarefuka ukitafuta jua ambalo halipo. Niliwahi kuota kwamba natembea katikati ya miche ile, nayo ni mirefu kama nguzo za msikiti, na kila nguzo nikiigusa ni baridi. Nilipoamka nilikuwa sina huzuni wala furaha. Nilikwenda kuinyunyizia maji.

Mama mkwe aliingia stoo kwa mara ya kwanza siku niliyokuwa natayarisha ukungu. Dokta alikuwa ameniletea majani ya mtama mgonjwa katika bahasha ya kaki, majani yenye madoa ya ugonjwa ambao wakulima wanauita chule. Niliyaosha majani kwenye maji safi, nikachuja kwa kitambaa, nikatia maji yale kwenye chupa ndogo ya kupulizia. Kwa macho yalikuwa maji tu.

"Humo mna nini?" Alikuwa amesimama mlangoni, blanketi limemkaa begani.

"Mbegu za ukungu, mama. Ni ndogo, hazionekani."

"Unawapulizia ugonjwa."

"Ndiyo. Nusu yao. Nusu nawaacha salama."

Akaitazama miche kwa muda. "Na hawa kosa lao nini?"

Nilimwambia kwamba tunataka kujua mtama upi unajua kujitetea, ili mkulima apewe huo. Hakuondoka, na nilipomaliza kupulizia alinishikia taa nikafunika sinia.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kunikumbusha. "Wagonjwa wako umewaona?"

Tuliingia pamoja. Kwenye shingo nyeupe za mtama wa Igunga kulikuwa na vidoa, vidogo kama alama ya ncha ya sindano, vya rangi ya chungwa lililoiva, na vingine vimeshakuwa vyekundu. Miche iliyoachwa salama ilikuwa myeupe vilevile. Nikamweleza kwa nini tunawaweka gizani. Kwenye jua shingo ya mtama hujitia rangi yake yenyewe, ya waridi, na huwezi kujua ipi ni rangi ya kawaida na ipi ni ya ugonjwa. Gizani mche hauna rangi. Ukiona wekundu gizani, jua mche umeguswa.

"Kwa hiyo huo wekundu ndio ugonjwa?"

"Hapana, mama. Huo ni mche wenyewe."

Alitaka kuona. Nilibandua ngozi ya juu ya mche mmoja, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, nikaiweka kwenye kioo, tukaitoa hadubini uani penye mwanga. Alivua miwani, akainama. Muda mrefu hakuona kitu, kisha pumzi ikamtoka polepole.

Nilijua anaona nini, maana nilikuwa nimeviona mara nyingi na bado sikuvizoea. Seli za mtama zimepangwa kama matofali marefu ya kioo. Juu ya ukuta wa mojawapo imetua mbegu ya ukungu. Imechipua, imetoa kijiguu cheusi, imekibana ukutani, na chini ya kijiguu inatoa kijisindano cha kutoboa. Mche nao haulali. Kwanza unaongeza ukuta pale pale panapotobolewa, kama mtu anayeegemeza gunia mlangoni. Kisha ndani ya seli hiyo vinatokea vipovu. Mwanzoni havina rangi, halafu vinakuwa vya chungwa, halafu vyekundu, navyo vinasogea, vinakwenda kule kule kwenye adui, vinakusanyika, vinavimba, vinapasuka. Ile rangi ni sumu. Ukungu unafia humo ndani.

"Na yeye?" mama akauliza, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Hiki chumba chenyewe kilichopasukiwa?"

"Kinakufa pia. Seli moja, au mbili. Mche unabaki."

Aliendelea kutazama hadi kivuli cha ukuta kikatufikia, na chakula cha mchana siku hiyo tulikila kikiwa kimepoa.

Toka hapo alikuwa anakuja. Alileta kigoda chake, akakaa kwenye ule mwanga wa kijani, mara nyingine akivuta tasbihi, mara nyingine akinihadithia mambo ya stoo ile: namna asali ilivyovuja mwaka fulani na nyuki wakaja kuidai, namna marehemu mumewe alivyokuwa akimficha humo mwanawe alipogombezwa shuleni. Alikuwa haniangalii akisema. Alikuwa anaiangalia miche. Mimi nilifanya kazi taratibu, nikiogopa nikisogea haraka hadithi itakatika.

Mtama mweupe wa Nzega ndio uliotuvuruga. Nilipouambukiza, kesho yake haukuonyesha kitu. Mama alifurahi, akasema hawa hawakudhurika. Sikumkatisha. Siku iliyofuata wekundu ulitokea, lakini ulitokea kwa kutawanyika, kama rangi iliyomwagika, na shingo za miche zikaanza kulainika na kuinama. Chini ya hadubini ukungu ulikuwa umeshapita seli ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukitambaa ndani kama mizizi. Vipovu vilikuwepo. Vilikuwa vinapasuka nyuma yake.

"Hawa hawajui kupigana," mama akasema.

"Wanajua, mama. Sumu ni ile ile. Wanachelewa tu."

Niliona mkono wake umesimama kwenye tasbihi. Akainuka, akatoka, kigoda akakiacha.

Asubuhi iliyofuata nilipoinua blanketi, jua lilinipiga usoni. Kibao cha tundu kilikuwa wazi, na mshale mpana wa mwanga umelala juu ya sinia zote za mzunguko mpya, zilizopuliziwa jana yake na zilizokuwa salama, za Nzega na za Igunga pamoja. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nilimkuta mama uani anapepeta mchele, na sauti iliyonitoka sikuijua.

"Mama, umefungua tundu."

"Nimefungua."

"Umeharibu kazi ya watu. Wiki nzima ya kazi, mama."

Aliendelea kupepeta. "Walikuwa wanakufa gizani. Nikasema wapate mwanga, hata kidogo. Mtu hafi vizuri kwenye giza."

"Ni mtama."

"Najua ni mtama." Akauweka ungo chini. Mikono yake ilikuwa na unga wa mchele hadi kwenye viwiko. "Mwanangu aliugulia chumba kilichofungwa madirisha. Mimi ndiye niliyefunga, naogopa upepo umzidishie homa. Na uliposema apelekwe hospitali, nilikwambia ngoja alasiri ipite, homa itashuka. Wewe umekaa kimya miezi yote hii. Hunisemi, hunilaumu. Kila ukiniamkia naogopa ndiyo leo utasema."

Nilikaa chini, palepale kwenye sakafu ya ua. Kumbe ukimya wangu, ambao mimi niliuona ni adabu, yeye alikuwa akiusikia kama hukumu.

"Mama," nikasema, "uliponiambia nisubiri nilikuwa nimeshampigia mtu wa bajaji. Nilitoka chumbani na simu mkononi. Alikuwa njiani tayari. Hatukusubiri alasiri. Alasiri ilitukuta hospitali."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama sawasawa, machoni.

"Hukusubiri?"

"Sikusubiri. Na daktari alisema hata tungefika asubuhi, ile homa ilikuwa na njia yake. Ulikuwepo akisema, ila hukuwa unasikia mtu."

Alifunika uso kwa upande wa mtandio. Hakulia kwa sauti. Nilisogea nikaegemea goti lake, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine, na baada ya muda nikausikia mkono wake kichwani kwangu, unga ukinidondokea kwenye nywele. Mchele ule kuku wa jirani waliuvamia, hakuna aliyewafukuza.

Siku ile hatukufunga tundu. Niliona kazi imeshaharibika, basi iharibike vizuri. Tuliziacha sinia kwenye mwanga, na tulikuwa tunaingia na kutoka kuzitazama bila sababu. Miche ilianza kuwa kijani kwenye ncha. Kesho yake ile iliyokuwa salama ilijitia rangi shingoni kama nilivyotarajia, waridi iliyofifia, karibu na zambarau, rangi ya mawingu ya Tabora kabla jua halijachomoza. Ilikuwa mizuri sana. Lakini iliyopuliziwa ukungu, iliyokaa kwenye mwanga ule ule, kwa muda ule ule, haikuwa na waridi. Shingo zilikuwa zimebaki nyeupe, na juu yake vile vidoa vya chungwa na vyekundu tu.

Mama ndiye aliyeuliza. "Hawa mbona jua halikuwapaka rangi?"

Nilipiga picha, nikamtumia Dokta, kisha nikampigia kumwomba radhi kwa sinia zilizoharibika. Alicheka kwa upole. Akasema jambo hilo linajulikana, wataalamu wengine wameshaliona: mche wa mtama ukipata mwanga na adui kwa pamoja, huiacha ile rangi ya jua na nguvu zake zote huzipeleka kwenye sumu. Malighafi ni karibu ile ile, hivyo mche huchagua. Akaniambia nianze sinia upya, nisijilaumu.

Nilimweleza mama maneno hayo tukiwa tumekaa mlangoni pa stoo.

"Yaani wanaacha kujipamba mpaka shida ipite."

"Kama hivyo."

"Basi na wao wako eda," akasema, na akaingia ndani kupika. Sikujua kama ametania. Niliposikia vyungu vinagongana kule jikoni, nilijikuta nacheka peke yangu, cheko dogo lililonishtua, kwa sababu nilikuwa nimesahau namna linavyoanza tumboni.

Miezi iliyobaki ilipita kama usingizi wa mchana. Nilirudia mizunguko yote, mama akinishikia taa, tundu limefungwa. Mtama wa Igunga uliwahi kila mara, ule wa Nzega ulichelewa kila mara, isipokuwa miche michache iliyotoka katika mbegu zilezile nyeupe ikawahi kama ya Igunga. Hiyo tuliitenga. Dokta aliihamishia kwenye vikopo vya udongo, akaichukua kwenye kreti ya soda iliyofungwa nyuma ya pikipiki, akiendesha polepole kama aliyebeba mayai.

Nilipotoka eda, mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Mama mkwe alinichotea maji ya kuoga mwenyewe, akanitolea gauni ambalo hakuwahi kunionyesha, la rangi ya zabibu, la ujana wake. Mama yangu mzazi alikuwa amenipigia simu kutoka Urambo mara nyingi akitaka nirudi nyumbani, na mzigo wangu nilikuwa nimeshaufungasha nusu.

"Kama unakwenda, nenda, una haki," mama mkwe akasema, akinifunga vifungo vya mgongoni. "Kama unabaki, chumba ni chako. Sikuambii kwa ajili ya marehemu. Nakwambia kwa ajili yangu."

Nilibaki. Wengine walinisema, kwao na kwetu, kwamba mjane kijana hana la kukaa kwa wakwe. Nimewaacha waseme.

Msimu ule kituo kilipanda mtama wa majaribio kwenye shamba la kukodi kule Ntalikwa, mistari ya Igunga, mistari ya Nzega, na mstari mmoja mfupi wa ile miche tuliyoitenga. Mvua ilizidi, na katikati ya msimu chule iliingia. Majani ya Nzega yalichomeka, mashuke yakawa mepesi. Igunga ilisimama, ingawa ugali wake una ukakasi na watoto hawaupendi. Ule mstari mfupi ulipata madoa, yakaishia hapo hapo, vidoa vyekundu visivyotambaa, na ukatoa punje nyeupe zilizojaa. Ulikuwa mstari mmoja tu, Dokta alituonya tusishangilie, na kweli imechukua misimu mingi tangu hapo na bado kazi haijaisha.

Siku ya kuvuna mama mkwe alitaka kuja. Hakuwahi kuingia shamba maishani mwake. Alikuja na mwavuli na viatu vya msikitini, akavivua pembeni, akatembea peku kwenye mistari huku amekunja baibui hadi kwenye vifundo vya miguu. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Urambo kutusaidia. Walikuwa hawajaonana tangu msibani. Mama yangu akainuka kwenye mtama, akajifuta mikono, akamsalimia kwa Kinyamwezi kama anavyomsalimia kila mtu asubuhi.

"Mwangaluka."

Mama mkwe, aliyeishi Tabora maisha yake yote na kulisikia neno lile sokoni kila siku, aliliitikia kwa lafudhi yake ya mjini. Kisha akakaa chini karibu na mama yangu, akachukua shuke la mtama, akauliza linapukuchuliwaje.